Maziwa Niliyoyamwaga

Ninyi mliotoka chuoni juzi, mkapewa pikipiki mpya na simu kubwa ya kujazia fomu, hebu zimeni injini kidogo kabla hamjaanza kupanda mlima. Mimi nimestaafu. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, tangu baadhi yenu hamjazaliwa, na magoti yangu yanaikumbuka kila kona ya njia ile. Sikuja kujisifu. Anayetaka sifa asubiri siku ya kuagwa, atapewa saa ya ukutani na maneno matamu kama nilivyopewa mimi. Saa yenyewe ilisimama baada ya miezi miwili.

Kwanza mjue kwamba kule mtaitwa madaktari. Mtasema hapana, sisi ni maafisa mifugo tu, na hakuna atakayewasikiliza. Anayemchoma ng'ombe sindano ni daktari, basi. Nimeletewa meno yaliyooza, nimeletewa mtoto mwenye kikohozi, na babu mmoja alitaka nimpe ile dawa ya minyoo niliyompa beberu wake, kwa kuwa alimwona beberu amenawiri. Nilipomkatalia alienda kuinunua mwenyewe mjini. Alinisalimia kanisani wiki mbili baadaye akiwa amekonda, na hatukulizungumza tena.

Jambo la pili: msihesabu ng'ombe wa Mwarusha mbele yake. Mimi ni Mchaga wa Machame, naishi Daraja Mbili kwa mume wangu, na nilipopangiwa kule sikujua hata salamu yao. Wiki ya kwanza nilifika kwa mzee mmoja na fomu yangu. "Shikamoo baba. Una ng'ombe wangapi?" Akasema, "Wapo." Nikasema serikali inataka idadi. Akasema, "Waambie serikali, wapo." Basi nikasimama kwenye lango la boma nikaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, watatu, mpaka mke wake akaja akanishika mkono akaushusha taratibu kama anavyoshushwa mtoto anayemnyooshea mgeni kidole. Nilijaza kwenye fomu: wapo. Bosi wangu alinigombeza nusu saa nzima.

Siku hizi mambo ni mepesi. Mfugaji anapiga picha kinyesi cha ndama anakutumia kwa simu, nawe unatoa ushauri ukiwa umekaa. Nimewahi kufungua picha ya namna hiyo nikiwa kwenye harusi, sahani ya pilau mkononi. Lakini wepesi huo usiwadanganye. Kuna vitu havionekani kwenye picha, na kimoja kati ya hivyo ndicho kilichonifanya niandike haya.

Chuoni nilifundishwa maabara ya maziwa na mzee mmoja, Mzee Urio, mfupi, mkali, mwenye koti jeupe lililokuwa limegeuka rangi ya chai. Yeye alitufundisha kwamba maziwa yananuswa kwanza, halafu unamuuliza aliyeyaleta ng'ombe wake amekula nini, halafu ndipo unapima. Laktomita mnaijua, lile bomba la kioo linaloelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wa maziwa yenyewe, ili ujue kama yametiwa maji. Mzee Urio alikuwa akiishika juu ya vichwa vyetu na kusema, "Kioo hiki kinaelea tu. Hakijui kimeelea ndani ya nini." Na aliyepima bila kipimajoto aligongwa kijiko kwenye vidole, hata awe mtu mzima mwenye watoto. Maziwa yakiwa na joto huwa mepesi, laktomita inazama, na unasoma namba ndogo kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana unapima joto kwanza, kisha unarekebisha namba kwa jedwali. Niligongwa mara mbili. Ningegongwa mara kumi ningewashukuru mpaka leo wale waliomzaa mzee yule.

Sasa nije kwenye kikundi.

Kilikuwa kikundi cha akina mama kumi na wanane. Kwa Waarusha mbuzi na ng'ombe ni wa mwanamume, lakini maziwa ni ya mwanamke, yeye ndiye anayekamua, anayegawa na anayeuza. Zamani kila mmoja alishuka na maziwa yake Ngaramtoni akauza kwa kikombe, yakibaki anarudi nayo yamechacha. Mimi ndiye niliyewashawishi waungane. Tukapata chumba kimoja cha bati kando ya barabara, tukakiita kituo, na tukapata mnunuzi, kiwanda kidogo cha mtindi pale Ngarenaro. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Lomayani, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na akili ya biashara ambayo shule haikuigusa hata kidogo.

Haikuwa rahisi. Kiwanda kilikataa maziwa yaliyotoka kwenye vibuyu kwa sababu yalinukia moshi. Mnajua wenzetu wanasafisha kibuyu kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini, na harufu ile kwao ndiyo utamu wenyewe. Nikawaambia waache vibuyu, walete kwenye keni za alumini. Walininunia mwezi mzima. Mama mmoja aliniambia maziwa ya keni ni kama uji wa hospitali. Lakini walikubali, na keni zikaja, na gari la kiwanda likawa linapanda kila asubuhi. Wengine walipeleka watoto sekondari kwa maziwa yale. Wengine waliezeka. Nilikuwa na fahari, siwafichi.

Nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote na kituo ilikuwa ya Mama Naserian. Jina lake ni Ester, mjane, wakati ule alikuwa hajafika miaka arobaini, ana binti mmoja na ng'ombe wawili chotara. Kutoka zizini kwake mpaka mlangoni kwetu ilikuwa ni kuvuka migomba na kuruka mtaro. Akina mama wengine walitembea nusu saa, wengine saa nzima, kwenye baridi ile ya alfajiri ya Meru, keni kichwani au mgongoni. Yeye alikuwa akikamua tunapofungua mlango, na maziwa yake yalifika yakitoa mvuke. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikiwaambia wengine, mwoneni Mama Naserian, maziwa yake ni mabichi kuliko yote. Alikuwa akitabasamu na kuangalia chini.

Aliishi na mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Koko, yaani bibi. Koko alikuwa kikongwe, miguu imemkatalia, na mwanawe aliyemzaa ndiye aliyekuwa mume wa Ester. Baada ya msiba ndugu wa mume walitaka Ester aondoke arudi kwao, na Koko ndiye aliyekataa. Alisema huyu ni binti yangu, atakayemtoa anitoe na mimi. Kila asubuhi kabla ya kuleta keni kituoni, Ester alimimina kikombe cha kwanza akampelekea Koko kitandani. Koko hakunywa chai, hakunywa uji, alikunywa maziwa yale. Nililijua hilo kwa sababu Ester alichelewa dakika tano kila siku, na kila siku alisema, "Nilikuwa nampa Koko."

Mwezi wa nne wa kituo nikavunja kipimajoto. Mimi mwenyewe. Kiliteleza kwenye vidole vyenye sabuni kikapasukia sakafuni. Nikasema nitanunua kingine mjini Jumamosi. Jumamosi hiyo kulikuwa na ubarikio wa mtoto wa dada yangu. Jumamosi iliyofuata nikasahau. Halafu nikaona kazi inakwenda tu bila kipimajoto, maziwa ya karibu kila mtu yanafika yamepoa kwa baridi ya njiani, namba zinasomeka vizuri. Ni kitu ambacho bei yake haifiki ya kuku. Nawaambia hivi ili mjue kwamba ubaya wangu haukuanza na jambo kubwa.

Likaja kiangazi, na kiwanda kikaanza kulalamika kwamba maziwa yetu ni mepesi, kuna mtu anatia maji. Kweli kulikuwa na mtu anatia maji, na mpaka leo sijui ni nani. Meneja akasema tukiendelea hivi gari halitapanda tena. Wanawake kumi na wanane walinitazama mimi. Nikatunga sheria, na Mama Lomayani akaipigia kura: kila keni itapimwa kwa zamu, ikishindwa mara ya kwanza ni onyo, mara ya pili ni onyo mbele ya wote, mara ya tatu maziwa yanamwagwa chini mbele ya kituo na mwanachama anatoka. Hilo la kumwaga nililitoa kwenye semina moja. Nililiona ni jambo la kuwatia watu adabu.

Jumatatu keni ya Mama Naserian ilisoma ishirini na tano. Kiwango chetu cha chini kilikuwa ishirini na saba. Nilimwita pembeni.

"Mama Naserian, haya maziwa vipi?"

"Yako vipi, daktari?"

"Mepesi."

Akacheka, alidhani namtania. Alhamisi yakasoma ishirini na tano tena, na nikamwonya mbele ya wenzake. Safari hii hakucheka. Alinifuata hadi kwenye pikipiki akanishika mkono.

"Daktari, kesho njoo nyumbani kwangu. Njoo ukamue wewe kwa mkono wako, upime hapo hapo, uone. Mimi sijatia maji. Nitie maji kwa ajili ya nini?"

Nikamjibu kwamba nina vijiji vinne na siwezi kwenda kukamua ng'ombe wa kila mtu. Nikaongeza, "Kipimo hakisemi uongo, mama." Nilisema hivyo kwa sauti yangu ya ofisini, na nikawasha pikipiki.

Jumanne iliyofuata nilipima mbele ya watu wote. Ishirini na tano. Nikarudia, na kweli kioo kilisimama pale pale, na mvuke ukatoka kwenye silinda ya kupimia ukanigusa uso. Nauhisi mpaka leo. Mvuke ulikuwa unanigusa usoni, na mimi mwanafunzi wa Mzee Urio nilikuwa nasoma namba.

Nikanyanyua keni yake. Ester akainama, akang'oa majani pembeni ya mtaro, majani mabichi tu ya kawaida, akayashika kwa mikono miwili akasimama mbele yangu. Akina mama wote walinyamaza, hata Mama Lomayani. Mimi nilidhani anataka kufutia keni. Nikamwambia, "Weka hayo majani chini, mama, utachafua maziwa ya wenzio." Nikamwaga. Maziwa yalikimbia kwenye vumbi yakaingia mtaroni, na mbwa wa mtu akaja kulamba.

Tulipokuwa tunafunga chumba Mama Lomayani aliniuliza kwa sauti ya chini kama najua Ester alikuwa anafanya nini na yale majani. Nikasema sijui.

"Kwetu mtu akishika majani anaomba amani. Anaomba asikilizwe. Hata mwizi akishika majani, hapigwi."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye daktari," akasema. "Nikajua una sababu yako."

Niseme nini hapo? Nilikuwa nimekaa kule miaka mingi kiasi kile, nimekula kwenye nyumba zao, nimezika nao, na majani sikuyajua. Niliona aibu kidogo, aibu ya mtu aliyekosea adabu, si ya mtu aliyekosea haki. Nilijiambia mhalifu anaweza kushika majani vilevile. Na juma lile lile malalamiko ya kiwanda yakakoma. Bila shaka yule aliyekuwa akitia maji kweli aliogopa akaacha, lakini sisi tulisema, si mnaona?

Habari ilifika kwa Koko kabla Ester hajaosha keni. Mama Lomayani ndiye aliyenieleza siku nyingine, tena kwa kupita tu. Asubuhi iliyofuata Ester alimpelekea kikombe kama kawaida. Koko alikipokea, akakimwaga pembeni ya kitanda, akakifunika juu ya kigoda, mdomo chini. Akasema yeye hanywi kitu kutoka mkono unaotia maji kwenye maziwa ya watu. Tangu siku hiyo alikunywa uji aliopikiwa na mke wa shemeji yake Ester. Yeye na Ester walilala nyumba moja. Ester aliendelea kumwosha, kumgeuza, kumtolea jivu la moto wake, na Koko alipokea hayo yote bila kumtazama.

Nikasikia, nikasema maskini, nikaendelea na kazi. Ester akawa anawauzia maziwa yake kwa kikombe madereva wa bodaboda barabarani, hatua chache kutoka kituoni petu. Nilipopita alinisalimia, "Shikamoo daktari." Nikaitikia marahaba.

Ilipita miezi saba. Siku moja kiwanda kikamtuma dada mmoja, Jackline, mtaalamu wao wa ubora, aje kutufundisha, kwa maana tulikuwa tunakua. Tulikuwa tumefika wanachama sitini na kulikuwa na wageni wa mradi wanaotaka kutupa tangi la kupozea. Jackline alikuwa msichana mchangamfu, mwenye miwani, umri kama wenu. Alitazama meza yangu akauliza, bila ubaya wowote, "Mama, kipimajoto mnaweka wapi? Joto mnarekebishaje?"

Nikamwambia kimevunjika juzi. Juzi! Nilidanganya kama mtoto aliyeiba sukari. Na hapo hapo nikaukumbuka ule mvuke.

Jioni ile sikula. Jirani yangu hapa Daraja Mbili anafuga ng'ombe nyuma ya ukuta, nikaenda nikasimama pembeni yake wakati anakamua, nikanunua lita moja papo hapo nikakimbia nayo jikoni. Nikamimina kwenye silinda, nikatumbukiza laktomita. Ishirini na tano. Nikaiweka silinda kwenye beseni la maji ya baridi, nikakaa kwenye stuli nikingoja. Mume wangu aliuliza napika nini. Yalipopoa nikapima tena. Ishirini na nane na nusu. Maziwa yale yale. Nikafanya tena na tena, kana kwamba mara ya nne yatanihurumia.

Mwanamke yule alifukuzwa kwa sababu alikuwa jirani. Angekuwa anakaa mbali, angepona. Alifukuzwa kwa sababu aliwahi, kwa sababu maziwa yake yalikuwa mabichi kuliko yote, kama nilivyokuwa nikimsifia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapowataka. Mpaka hapo nilikuwa nimekosea. Kukosea kila mtu anakosea, hata Mzee Urio aliwahi kuunguza pua kwa tindikali. Lililofuata halikuwa kosa. Asubuhi nilimweleza Mama Lomayani kila kitu. Alikaa juu ya keni akashika shavu. Kisha akasema, "Daktari, wageni wa tangi wanakuja wiki ijayo. Tukisema leo kwamba tulikuwa hatujui kupima, watatupa tangi sisi? Tuna wanawake sitini hapa."

Nikasema kweli. Tutasema baada ya wageni. Wageni wakaja, wakapenda, wakasema tangi litakuja. Tukasema tusubiri tangi lifungwe. Likafungwa. Tukasema tusubiri uzinduzi, kuna mkuu atakata utepe, tusichafue siku. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nilitaka tangi lile liwe ndilo watu watakalonikumbukia. Mama Lomayani alifikiria wanawake sitini. Mimi nilijifikiria mimi, na kuwasingizia wanawake sitini. Kipimajoto nilikinunua siku ya pili tu, na kila asubuhi nilirekebisha namba vizuri kabisa, kimya.

Ilikuwa miezi minne. Katikati yake, asubuhi moja nikiwa kwenye foleni ya benki, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu: "Koko wa Mama Naserian ametutoka usiku. Mazishi kesho kutwa." Zikafuata alama za mikono iliyokunjwa, moja baada ya nyingine. Nikatuma ya kwangu. Kwenye mazishi sikwenda. Nilisema nina kikao, na kikao chenyewe nilikiitisha mimi.

Nilisema kwenye mkutano mkuu, baada ya utepe kukatwa. Nilisimama nikaeleza joto, namba, kipimajoto, na kwamba mwenzetu hakutia maji, na kwamba nimelijua hilo kwa miezi minne. Nilitegemea watanizomea. Hawakunizomea. Wengi wao walikuwa wanachama wapya, wakaulizana kwa kunong'ona Mama Naserian ni yupi. Mmoja akauliza kama tangi litachukuliwa. Mama mmoja mzee, kati ya wale kumi na wanane wa mwanzo, alijifunika kanga usoni akatoka nje. Mama Lomayani akasema arudishwe kikundini bila kiingilio, wote wakanyoosha mikono, tukaenda kwenye ajenda ya mashudu ya kulishia ng'ombe.

Kesho yake nikaenda kwa Ester. Nilipitia kwenye migomba, nikaruka mtaro, njia ile ile ambayo aliniomba niipite siku ile nikawasha pikipiki. Nilimkuta anakatakata mabingobingo ya ng'ombe.

"Shikamoo daktari."

Sikuweza kuitikia. Nikaanza kusema niliyoyapanga njiani. Hakuacha panga. Aliponiona nimefika kwenye joto na jedwali akanikatisha.

"Nimesikia. Walikuja jana jioni na nyimbo. Wamesema nirudi."

"Utarudi?"

"Nitarudi. Ng'ombe hajui mambo yenu, anakamuliwa kila siku."

"Mama Naserian, nisamehe."

Akaweka panga chini, akajifuta mikono kwenye kanga. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefika baada ya chakula kwisha, ukawa unafikiria umpe nini.

"Mimi unaniambia kitu gani? Mimi nilijua tangu siku ile. Hao wa kituoni umewaambia, sawa. Kuna mmoja hujamwambia."

Akatangulia. Koko alizikwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, udongo ulikuwa bado umeinuka na maua ya karatasi yamenyeshewa yakachuja rangi. Ester alisimama upande mmoja, mimi upande wa pili. Akasema, "Mwambie."

Nilijiona mjinga, mwanamke wa miaka karibu sitini, Mlutheri, nazungumza na udongo. Lakini nilisema. Nilisema, Koko, ni mimi daktari. Mkweo hakutia maji kwenye maziwa. Ni mimi niliyepima vibaya, nikamwaga, na nilipojua nikanyamaza, ungali hai. Nilipofika hapo kwenye ungali hai nikaanza kulia.

Ester aliningoja nimalize kulia. Halafu akasema, taratibu tu, kama anayenieleza njia ya kurudi barabarani:

"Ndivyo nilivyomwambia. Kila asubuhi nilipomwosha, nilimwambia, Koko, sikutia maji. Akawa ananijibu jibu lile lile mpaka siku anakata roho: yule daktari amesoma, hawezi kukosea."